Tumbo Halina Mfupa

Chumba cha Mifupa, Hospitali Kuu
3 Machi

Kwako Shoto,

Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha kuanza barua kwa "mimi mzima, hofu ni kwako", na mimi ni mwanafunzi mtiifu. Mimi mzima. Hofu ni kwako kwa sababu ya huo mkono.

Hivi wewe na ngazi za nyumbani kwenu mna ugomvi gani? Mwaka juzi uliteleza bafuni, mwaka jana ukagonga mlango, Januari hii ngazi. Mama angekuwa hai angesema umerithi miguu ya baba. Bahati yako umevunja mkono wa kulia, ambao tangu utoto kazi yake ni kushika karatasi isiruke. Barua yako imefika na doa la wino kutoka pembeni mpaka katikati, nikajua mkono wa kazi bado uko kazini. Watu wa shoto wote huburuta kiganja juu ya walichoandika, lakini wewe unapiga deki kabisa.

Ulitaka habari za huku chini. Tuko wawili kama zamani, mimi na Mzee wa Brashi, msaidizi wangu anayesafisha mifupa kwa mswaki laini wa watoto. Kila mfuko unapoletwa anaupigia hodi kabla ya kuufungua. Anasema mtu ni mtu hata akibaki vipande. Wiki iliyopita aliupigia hodi mfuko wa mama mmoja aliyekutwa na watu waliokuwa wanachimba shimo la tangi la maji nyuma ya nyumba. Ni wa tisa mwaka huu, kwa hiyo anaitwa Namba Tisa mpaka tumpate mwenyewe. Ana miaka thelathini hivi, kama wewe.

Ngoja nikufundishe, maana ulipenda kufundishwa. Mfupa ukivunjika hujiunga, na pale ulipojiunga pananenepa, kama bomba lililochomelewa. Kwa unene ule na ulaini wake naweza kusema huu ulivunjika miaka iliyopita, huu miezi, huu wiki chache kabla hajafa. Namba Tisa ana mbavu nne za namna hiyo, kila moja na umri wake. Mtu aliyeanguka mara moja huvunjika mara moja.

Halafu mkono. Chini ya kiwiko kuna mifupa miwili, mmoja upande wa dole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Mtu akianguka hutanguliza kiganja, na mara nyingi unaovunjika ni ule wa dole gumba, karibu na kifundo. Lakini mtu akiona fimbo inamjia usoni huinua mkono kujikinga. Inua wako uone. Unaoipokea fimbo ni mfupa wa kidole cha mwisho, katikati yake. Namba Tisa alivunjika huo mara mbili, mahali palepale. Mzee wa Brashi aliuweka mezani akaenda nje kunywa maji.

Msalimie shemeji. Mwambie saa aliyonitengenezea haijapoteza hata dakika moja. Na hiyo simu yako aliyoichukua kuitengeneza, sasa mwezi wa saba, mwulize: saa za wateja anazimaliza kwa siku moja, simu ya mke ndiyo imemshinda?

Dada yako,
Dada Mifupa


Nyumbani
14 Machi

Dada Mifupa,

Sote hatujambo. Plasta imetolewa wiki jana, mkono umetoka mwembamba na mweupe-mweupe, na watoto wangu wa chekechea wanagombania kuushika. Mmoja ameniuliza kama ni mkono mpya.

Barua yako ilifika dukani, si unajua sanduku la posta ni la duka, kwa hiyo mume wangu aliisoma kwanza. Halafu akanisomea wakati wa chakula, kwa sauti, polepole. Alicheka pale pa simu. Anasema kuna kioo amekiagiza na hakijafika. Pale pa mikono alisoma mara mbili. Kisha akaushika mkono wangu juu ya meza, akaupapasa kwa kidole mpaka upande wa kidole cha mwisho, akasema, "Kumbe." Tukaendelea kula. Anakusifu sana. Anasema unaandika kama mtu anayefungua saa, skrubu moja baada ya nyingine.

Nina swali la udadisi tu. Huo mfupa wa kidole cha mwisho, hauwezi kuvunjwa na ngazi? Tuseme mtu ameanguka vibaya, mkono ukapiga ukingo wa ngazi. Nauliza tu. Na huyo Namba Tisa, hakuwa na ndugu wa kumuuliza?

Mume wangu naye ana swali, ameniagiza niliandike kama alivyolisema na amekaa hapa anaangalia nikiandika. Anauliza: na mahali pasipo na mfupa, mnasomaje?

Nimejitahidi doa lisiwe kubwa safari hii. Yeye hapendi karatasi chafu.

Mdogo wako,
Shoto


Chumba cha Mifupa
27 Machi

Kwako Shoto,

Mimi mzima, hofu kidogo.

Nianze na shemeji, kwa kuwa swali lake ni la mtu mwenye akili. Miaka kumi na mmoja nafundisha wanafunzi wa udaktari na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mwambie jibu ni moja: hatusomi. Mahali pasipo na mfupa ni ukurasa mtupu. Tumbo halina mfupa. Mtu anaweza kupigwa tumboni mwaka mzima, akafa kwa hayo, akazikwa, na nyama ikishaondoka imeondoka na siri yake. Nikiletewa mimi nitaandika "hakuna dalili ya jeraha" na kuweka sahihi yangu, na aliyempiga ataendelea kunywa chai yake. Ndiyo aibu ya kazi yetu, na huwa sipendi kuisema mbele ya mahakimu. Kwa shemeji nimeisema kwa sababu fundi humwelewa fundi.

Kuhusu ngazi: ndiyo, inawezekana, ukingo ukiupata mkono wenyewe. Nimeona mara moja tu. Wewe ulivunja upi? Hukuniambia, nami sikuuliza.

Nilimsomea Mzee wa Brashi barua yako. Akasema, "Kwa nini anaulizia ngazi?" Nikamwambia mdogo wangu mdadisi tangu akiwa anatambaa. Akarudi kwenye mswaki wake. Niandikie upesi ulivunja upi.

Dada Mifupa


Shuleni
18 Aprili

Dada,

Naandika kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Watoto wamelala mchana kwenye mikeka, nina dakika ishirini. Mwalimu Mkuu ataiposti mwenyewe. Ukijibu, tumia anwani ya shule iliyo nyuma ya bahasha. Haya yasipite kwenye sanduku la duka, hata neno moja.

Umeuliza nilivunja upi. Wa kidole cha mwisho, katikati.

Hakukuwa na ngazi. Nyumba yetu haina ngazi, dada. Umeshakuja mara mbili, ukasahau. Ina kizingiti kimoja cha mlango wa mbele, basi. Bafuni sikuteleza na mlango sikuugonga. Nilivyokuandikia ngazi nilijua ni uongo wa kijinga, nikasema huyu lazima atashtuka, huyu kazi yake ni hii. Ukaandika kuhusu miguu ya baba.

Sikulaumu. Barua yako ya kwanza niliisikiliza na kijiko mkononi, nikaogopa kwamba umeshajua. Halafu nikaogopa zaidi kwamba hujajua.

Ile ya pili hakunisomea. Aliisoma dukani peke yake, niliikuta kwenye mfuko wa koti lake nilipolifua. Tangu siku ile hajanigusa mkono, wala ubavu, wala uso. Wiki mbili. Nilidhani ameacha, nikamshukuru Mungu kwa magoti. Jumapili akachukua taulo, akaizungusha kwenye ngumi kwa utaratibu wake, kama anavyofunga saa ya mteja kwenye karatasi laini, akanipiga tumboni mara mbili. Kisha akanisaidia kukaa na kuniletea maji. Akasema, "Tumbo halina mfupa. Dada yako mwenyewe kaandika."

Zamani alikuwa na hasira, na hasira ikiisha analia, na mimi ndiye ninayembembeleza. Jumapili hakuwa na hasira hata kidogo. Naogopa sana, dada. Ananileta shuleni mwenyewe na kunifuata mwenyewe, anatembea nyuma yangu hatua mbili, na watu wanasema nina bahati ya mume.

Kuna jingine, na hili halijui. Tumbo langu lina mtu. Mkunga amesema miezi mitatu. Wewe ndiye mjuzi, niambie: mtoto wa miezi mitatu ana mifupa tayari?

Mtoto mmoja ameamka. Doa samahani, nina haraka.

Shoto


Chumba cha Mifupa
22 Aprili
(Kwa mkono wa Mwalimu Mkuu)

Shoto wangu,

Mimi si mzima, na hofu ni kwako. Maneno haya nimeyaandika maisha yangu yote, leo ndiyo nimeyajua maana.

Nyumba yenu haina ngazi. Nimelala humo siku kumi, nimefagia ile sebule mpaka kwenye kizingiti. Mimi ninayesimama mbele ya hakimu na kusema ufa huu una miezi sita na huu una wiki tatu, nimeshindwa kukumbuka nyumba isiyo na ngazi. Na ile barua ya tumbo naikumbuka neno kwa neno. Nilijisifu, Shoto. Aliuliza apige wapi, nami nikamwonyesha na kumpongeza kwa swali zuri.

Juzi dada yake Namba Tisa alikuja kumtambua, kwa jino moja la mbele lililopishana. Akasema, "Kila tukimuuliza alisema ameanguka. Tukawa tunamtania, tukampa jina la Teleza." Alilisema jina lile mara tatu, huku anacheka, mpaka kicheko kikageuka. Nikamwangalia nikajiona mimi.

Ndiyo, ana mifupa. Ndiyo kwanza inajengeka, wa paja haufiki hata nusu ya njiti ya kiberiti. Kwa hiyo mumeo amekosea na mimi nimekosea. Tumbo lako lina mfupa sasa.

Sikiliza. Nilitaka kupanda basi leo. Mzee wa Brashi kanizuia mlangoni: "Ukigonga kwake atakukaribisha chai. Ukishaondoka je?" Ni kweli. Kwake siwezi kukutoa, ila shuleni naweza. Shule inafungwa wiki hii na inafunguliwa tarehe tano Mei. Siku hiyo akishakufikisha na kuondoka, saa tatu asubuhi, nitakuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Usifungashe chochote, usiage mtu, vitu vinasema. Njoo na nguo uliyovaa.

Hizo siku kumi na tatu za katikati ndizo zinazoninyima usingizi. Kwa hiyo leo hii naandika barua nyingine, kwa sanduku la duka. Usiamini hata mstari mmoja. Imeandikwa kwa macho yake, kumtia woga asikuguse mpaka nifike. Sijawahi kuandika uongo juu ya mfupa maishani mwangu, Mungu anisamehe.

Hii ukishaisoma, ichome.

Dada yako


Chumba cha Mifupa
22 Aprili
(Sanduku la posta la Duka la Saa)

Kwako mdogo wangu,

Mimi mzima, hofu ni kwako, na salamu nyingi kwa shemeji.

Mwambie nilimjibu kizamani. Tumeletewa mashine mpya, na lile swali lake sasa lina jibu lingine. Kumbe tumbo nalo linaandika! Kila pigo la tumboni huacha kivuli kwenye uti wa mgongo, upande wa ndani, kama chai inavyoacha alama kwenye kikombe. Mashine inakihesabu kivuli hicho kimoja kimoja, na inatoa mpaka wiki ya kila pigo. Kwa Namba Tisa tumehesabu kumi na saba. Mumewe alikuwa mtu anayeheshimika, msafi, mpole, na amekamatwa akiwa kazini mbele ya wateja wake.

Nilidhani shemeji angependa kujua, yeye anavyopenda vyombo vya usahihi. Kula vizuri, lala mapema.

Dada Mifupa


Nyumbani
29 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Tumefurahi kusikia habari za mashine. Mume wangu alimuuliza daktari wa hapa, ambaye ni mteja wake, naye amesema hajapata kuisikia mashine ya namna hiyo popote. Ndiyo maana wahenga walisema ulimi hauna mfupa.

Napenda kukuarifu kwamba nimeacha kazi ya shule kwa hiari yangu ili nipumzike, na kwamba tunasafiri kwenda kwa wakwe. Hatutakuwepo tarehe tano. Tafadhali usijisumbue kuja. Mkono wangu umepona kabisa.

Wasalaam,
Mdogo wako akupendaye


Mezani
3 Mei

Mzee wangu, shikamoo.

Nimepitia hapa alfajiri, nimekuachia hii chini ya taa pamoja na barua iliyoletwa jana jioni. Ulinyanyua kichwa siku ile ukauliza kwa nini anaulizia ngazi, nami nikakupuuza. Safari hii angalia wewe kwanza.

Umeona? Mwandiko ni wake. Mkia wa "y" ni wake, "k" yake iliyolala ni yake. Mtu anayechonga vidude vidogo kuliko punje ya mchele hashindwi na herufi. Lakini karatasi ni safi, Mzee. Nimeigeuza kwenye taa, nimeichungulia kwa lenzi kubwa, hakuna doa hata la ukucha. Miaka ishirini mdogo wangu hajawahi kuniandikia ukurasa mkavu. Huyu aliyeandika anainua kiganja.

Na tarehe tano anaijua. Tarehe hiyo ilikuwa kwenye barua ya shule peke yake, ambayo nilimwambia aichome.

Nilijaribu kujidanganya njiani kwamba labda ameandika kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia wa Shoto hauwezi kuandika hata jina lake. Kisha nikajiuliza kwa nini mkono wa kushoto usiandike, na hapo nikakaa kwenye ukingo wa barabara na mkoba wangu, watu wakinipita.

Napanda basi la kwanza. Kwake sitagonga peke yangu, nitaanza kwa Mwalimu Mkuu na kituo cha polisi. Kwenye bahasha ya kaki nimeweka barua zote za Shoto kwa tarehe zake. Nisipokupigia simu kesho kutwa saa sita mchana, impe mpelelezi wa Namba Tisa mkononi, si mapokezi.

Saa yangu nimeivua, iko kwenye droo ya juu. Tafadhali usiitie ufunguo.

Naogopa kuchelewa. Niombee nikute mtu wa kuongea naye, nisikute kazi.

Binti yako wa kazini


Kwa shangazi
2 Septemba

Dada Mifupa,

Mimi mzima. Hofu ninayo mwenyewe, usinibebee, una mizigo yako.

Barua hii imenichukua siku tatu, kwa sababu mkono unachoka na kila nikifika nusu ukurasa inabidi niuegemeze juu ya tumbo. Tumbo nalo halitulii. Jana limeipiga teke kalamu ikaanguka, shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Anasema huyu atakuwa wa shoto.

Hujawahi kuniuliza ilikuwaje kabla hamjafika, wewe na Mwalimu Mkuu na wale askari wawili. Najua unaogopa jibu. Nakuambia leo kwa sababu Jumatatu nitalisema mbele ya watu, na sitaki ulisikie huko kwa mara ya kwanza.

Barua yako ya shule sikuichoma. Niliishonea ndani ya bitana ya mkoba wangu. Ilikuwa karatasi pekee duniani inayosema ninasadikiwa, nikashindwa kuitia moto. Aliipata kwa kupapasa, vidole vyake vinajua kitu kilicholegea. Akailaza mezani kando ya ile ya mashine, akavaa kile kioo chake cha jicho cha kufungulia saa, akazisoma zote mbili kwa pamoja, mstari wa hii, mstari wa ile. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Ningeweza kukimbia. Sikukimbia, dada, na hilo wakili wake ataniuliza.

Akasema, "Lete mkono unaoandika."

Nikaupeleka kwa miguu yangu mwenyewe. Nilikuwa nahesabu: akichukua mkono, ataliacha tumbo. Maana sasa alikuwa amesoma kwamba tumbo lina mtu, na nilimwona analiangalia. Basi nikauinua kabla hajafikiri zaidi, kama ulivyonifundisha, hivi. Ule wa kidole cha mwisho tena. Usilie. Uongo wako ulininunulia siku tatu, na hiyo barua niliyokataa kuichoma ndiyo iliyonigharimu. Tulikosea wote.

Halafu ile stoo ya nyuma ya duka, siku tano. Saa zote za wateja ziko humo, ukutani na kwenye rafu, na kila moja inapiga kwa mwendo wake. Alikuwa anakuja asubuhi kuzitia ufunguo na kuniachia maji na mkate, ananiambia habari za dukani kama kawaida. Mpaka leo shangazi ameficha saa yake ya ukutani kabatini, na bado naisikia.

Sasa ya Jumatatu. Unajua ametoka kwa dhamana. Juzi mtu alipita mbele ya geti hapa, polepole, nikajificha nyuma ya pipa la maji na tumbo hili lote, kumbe ni mwuza mkaa. Wakili wa serikali amekuja kuniona. Amesema kwa kuwa wewe ni ndugu hutaruhusiwa kuzisoma picha, atazisoma daktari wa hospitali nyingine, na picha zinajieleza: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mbavu mbili ambazo hata mimi sikujua. Ni mtu mwema, amesema, "Ukiogopa, mama, usipande kizimbani. Mifupa inatosha."

Nimelala juu ya maneno hayo siku mbili. Ningependa itoshe. Nikimfikiria amekaa pale mbele na shati lake jeupe, ananiangalia kwa upole, nataka kumpigia simu wakili nimwambie basi. Lakini picha zitasema mikono na mbavu. Ile Jumapili ya taulo haitasemwa na picha yoyote, na yeye analijua hilo kuliko mtu mwingine, ndiyo maana alichagua tumbo. Wewe mwenyewe uliandika, ni ukurasa mtupu. Namba Tisa aliachiwa mifupa tu na akajitahidi nayo alivyoweza. Mimi nina zaidi ya mifupa.

Nitapanda. Nitaogopa, wakili wake atanigeuza geuza, nitasema hata hivyo. Aliniandikia kwa mwandiko wangu kwamba ulimi hauna mfupa. Ni kweli hauna. Kwa hiyo huo hajui atauvunjaje.

Ukipata ruhusa, kaa mahali nitakapokuona. Mzee wa Brashi mwambie namwamkia, na kwamba akija nitafurahi.

Shoto

Doa lililoanza juu mpaka hapa chini ni langu. Sikulifuta.